Sauti Langoni kwa Marash

Mdogo wangu Bardhok alizaliwa na wasiwasi, kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Marehemu mama alikuwa akisema, huyu mtoto ukimpa mkate anauliza kesho tutakula nini. Amekua hivyo, ameota mvi hivyo. Mke wake, Mungu amrehemu, alimzoea. Mimi dada yake sijamzoea mpaka leo, na uzee ndio huu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtuliza, nacho ni muziki ndani ya gari. Kazi yake ni maziwa. Kila asubuhi hupita lango kwa lango hapa kwenye milima yetu ya Mirdita na Benzi lake kuukuu, tela dogo nyuma, anachukua maziwa ya watu na kuyashusha kiwanda cha jibini bondeni. Redio ya gari lile ilikuwa haishiki kitu huku milimani, mikwaruzo mitupu. Basi mwanangu Toni aliporudi likizo kutoka Milano akamletea kichezea muziki cha mfukoni, kidogo kama kiberiti, pamoja na kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kidude hicho kinauchukua wimbo na kuurusha hewani, redio ya gari nayo inaudaka kama inavyodaka stesheni yoyote. Bardhok alikiita kirushio.

"Sasa nina stesheni yangu, Dava," aliniambia, meno yote nje.

"Wasikilizaji wangapi?"

"Mmoja. Na ng'ombe wanaokaa karibu na barabara."

Nilifurahi kumwona anacheka. Tangu amzike mkewe alikuwa hacheki ovyo. Akawa anapita asubuhi na zumari zake na nyimbo za harusi, akina mama wanajua wakati wa kutoa makopo ya maziwa bila kuangalia saa.

Aprili ya mwaka ule Viktor akafa. Viktor ni mtoto wa Marash na Prenda, nyumba ya juu kabisa, na ndiye mtoto pekee waliyekuwa naye. Alikuwa Italia kwenye ujenzi, akaanguka kutoka jukwaani, akaletwa kwetu ndani ya sanduku. Marash na Bardhok walikuwa jeshini pamoja, wamelala blanketi moja, wamekula chungu na tamu. Sasa Marash akaacha kunyoa ndevu, televisheni pale ndani ikafunikwa shuka, na kwetu nyumba ikishafungwa kilio haisikii muziki mwaka mzima, na jirani mwenye adabu hawapelekei wa kwake mlangoni. Bardhok akifika kwenye kona ya kabla ya lango lao, vidole viwili kwenye kitufe cha sauti cha redio, anakizungusha mpaka chini. Anachukua maziwa kimya kimya. Akishavuka kona ya pili ndipo anakizungusha juu tena. Ikawa mkono unafanya wenyewe, hata akiwa anazungumza na mimi habari nyingine kabisa.

Halafu ikaja harusi. Agustin, mtoto wa kaka yetu Kola, anafanya kazi Ugiriki na likizo yake ni Agosti, hakuna mwezi mwingine. Msichana, Lindita, ni wa kijiji cha nyuma ya mlima. Wa kuongoza msafara wa kumchukua bi harusi ni ami wa bwana harusi, na ami ni Bardhok. Hapo ndipo wasiwasi wake ulipoanza, kwa sababu kwetu bi harusi haletwi kwa njia ile ile mliyoendea. Mkienda kwa njia ya chini, lazima mrudi kwa njia ya juu, na njia ya juu inapita langoni kwa Marash.

Tukaenda kuomba ruhusa, mimi na yeye. Prenda alituletea kahawa chungu, bila sukari, kama inavyonywewa msibani. Bardhok alikishika kile kikombe mpaka kahawa ikapoa.

"Sema, bwana," Marash akamwambia. "Unavyoitazama hiyo kahawa utadhani nimetia sumu."

"Tuna harusi, Marash. Ya Agustin. Ukisema tusipige muziki, hatupigi. Ukisema tuahirishe, naahirisha, Kola nitajua mwenyewe cha kumwambia."

Marash alisogeza kikombe chake kando. "Fanyeni. Chezeni. Wangu harudi kwa nyinyi kukaa kimya. Ila hapa langoni..."

"Hapa langoni pako nitapita kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Hutasikia hata honi. Nakupa besa."

Besa kwetu ni neno ambalo mtu akishalitoa hana tena pa kulirudisha. Watu wamekufa kwa kulishika. Mimi nilimkanyaga mguu chini ya meza, maana mtu anajiahidi yeye, haahidi kwa niaba ya madereva sita wenye raki, pombe yetu kali, tumboni. Lakini lilikuwa limeshatoka. Marash akampa mkono, Prenda akageuza uso dirishani.

Tangu siku hiyo Bardhok hakulala vizuri. Ahadi ni deni, mnasema, na huyu ndugu yangu deni la chumvi tu humkosesha usingizi. Alikuja kwangu kila jioni na jambo jipya. Je, Toni akilewa? Je, mtoto akibonyeza honi? Je, gari la mwisho likiwa bado halijavuka lango na la kwanza limeshafungulia muziki? Nikamwambia, "Basi waambie wazime redio zao wote wakifika kwenye kona."

"Watasahau."

"Wote?"

"Mmoja anatosha, Dava! Mmoja tu anatosha!"

Ndipo akaja na akili yake. Na nasema akili, kwa sababu wakati ule hata mimi niliisifu, nisijitie ujuaji leo. Alisema kila gari likipiga wimbo wake itakuwa soko la kuku, na kunyamazisha soko la kuku si kazi ya mtu mmoja. Bora muziki utoke mahali pamoja. Alikifungua kile kirushio, akakiunganishia waya mrefu ili kirushe mbali zaidi, akaupitisha waya kwenye paa la Benzi chini ya maua, tukajaribu barabarani: Toni nyuma sana na gari lake, redio imewekwa kwenye masafa yale yale, na wimbo wa Bardhok unalia ndani kwa Toni safi kabisa. Toni alishuka anacheza.

"Mjomba, wewe ni redio ya taifa!"

"Sikilizeni basi," Bardhok akawaambia madereva wote siku ya harusi asubuhi, uani kwa Kola, jasho limeshamtoka kabla ya jua. "Wote mnaweka masafa haya. Wote mnasikia mimi. Tukifika kona ya Marash honi marufuku, na muziki nauzima mimi. Redio zenu msiziguse. Kabisa. Mtu asijitie kiherehere. Mkono mmoja, kimya kimoja."

"Na ukisahau wewe, mjomba?" Toni akamtania.

Bardhok akageuka mweupe kama jibini. Nikampiga mwanangu kofi la mgongo.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Magari saba, wimbo mmoja unatoka saba mara moja, watu wa njia ya chini walitoka mpaka vibarazani kutazama. Tukamchukua Lindita, mama yake akalia inavyotakiwa, tukamkalisha kiti cha nyuma pembeni yangu. Njia ya juu haina lami. Vumbi la Agosti lilikuwa linaingia mpaka kwenye meno, na yule binti nywele zimejengwa tangu alfajiri.

"Shangazi, vioo," akaniomba taratibu.

Tukapandisha vioo vyote. Ndani mkawa joto la tanuri.

Kadiri tulivyokaribia, ndivyo Bardhok alivyozidi kuushika usukani kama mtu anayening'inia. Midomo inamchezacheza. Nikajua anasali. "Bado kona mbili," anasema. "Bado moja." Halafu kona yenyewe ikafika, na nikamwona anapeleka vidole viwili kwenye kitufe cha sauti cha redio, akakizungusha mpaka chini.

Kimya. Tunasikia injini tu na kokoto chini ya magurudumu. Bardhok akashusha pumzi, akapiga ishara ya msalaba. Hata mimi moyo ulinitulia.

Marash alikuwa amesimama langoni. Hatukutegemea. Amevaa koti lake jeusi, ndevu mpaka kifuani, glasi ya raki mkononi. Mtu mwenye msiba wa mtoto ametoka kumwinulia glasi bi harusi wa watu. Machozi yalinitoka pale pale. Nikamwambia Lindita, "Inama, mwanangu, msalimie, hii heshima hutaiona mara mbili." Marash akaiinua ile glasi. Halafu nikaona uso wake unabadilika, na mimi mjinga nikadhani ni uchungu wa mtoto.

Bardhok akateremsha kioo chake ili amsalimie. Na muziki ukaingia.

Zumari, ngoma, mwimbaji anapayuka, magari sita nyuma yetu kwa sauti moja, mbele ya lango lile.

"Wanafanya nini wale? Wanafanya nini!" Bardhok akapiga kelele. Akili yake ilimwambia wale wa nyuma wamefungulia wenyewe. Kwenye dashibodi kulikuwa na leso nyekundu ya msafara, ile ya kupunga wakati wa kucheza. Akaikamata, akatoa mkono wote dirishani, akaanza kuipunga kwa nguvu: zimeni, zimeni! Sasa niambieni, dereva wa nyuma akiona leso nyekundu inapungwa kutoka gari la mbele siku ya harusi, ataelewa nini? Toni wangu akaelewa furaha. Akapandisha sauti. Wa nyuma yake wakapandisha. Mmoja akapiga honi, na baada ya hapo wakapiga wote.

Marash aliishusha glasi. Akaimwaga chini, polepole, hakuitupa. Akaingia ndani, akafunga lango.

Bardhok akakanyaga breki. Nikapiga yowe, "Usisimame na bi harusi ndani! Unaleta nuksi!" maana msafara wa bi harusi kwetu hausimami hata barabara ikiwaka moto. Hakunisikia. Alishaacha mlango wazi, anakimbia kurudi nyuma kwa Toni, mzee mzima na suti, vumbi mpaka magotini.

"Zima, mbwa wewe! Zima!"

"Nizime nini, mjomba? Si wewe unayepiga! Ulisema tusiguse!"

Nilimwona anasimama. Alimtazama Toni, akageuka akalitazama Benzi lake na waya wake juu ya paa. Hapo ndipo akaelewa, na mimi nikaelewa pamoja naye. Alikuwa amejizibia masikio yeye mwenyewe. Kitufe alichokizungusha ni cha redio yake, na kichezea kilikuwa kinaendelea kuimba, kirushio kinaendelea kurusha. Asubuhi zote zile, akiwa peke yake na maziwa, kitufe kile kilikuwa kinatosha.

Akarudi akaling'oa lile dude na waya wake, maua ya paani yakaanguka. Muziki ukakatika magari yote kwa pamoja, kama alivyotaka. Akaenda kugonga lango. "Marash! Marash, ndugu yangu!" Akagonga mpaka nikaona aibu. Sauti iliyojibu ilikuwa ya Prenda, kutoka ndani, wala haikuwa ya hasira.

"Nendeni. Mnamchelewesha binti."

Tukaenda. Harusini Bardhok alikaa mezani hajagusa nyama, na watu wakawa wanasema chini chini kwamba nyumba ya Kola imevunja besa langoni kwa mfiwa.

Kesho yake asubuhi alisimama kwa Marash kama kawaida. Hakukuwa na kopo la maziwa langoni. Akasubiri. Akaondoka, siku iliyofuata akasubiri tena. Maziwa yao wakawa wanawapa nguruwe. Siku ile ile ya kwanza Bardhok alichukua bisibisi, akaing'oa redio ya gari, akaitupa bandani. Akaacha na kunyoa ndevu. Mtoto si wake, msiba si wake, lakini kama alivyonieleza, "Kama nilimkosesha kimya chake, acha nimlipe kimya changu."

"Atakionaje akiwa hatoki?" nikamuuliza.

"Sijui, Dava."

Jamani, alinitia uchungu. Mtu alikuwa na furaha moja, ameing'oa kwa bisibisi. Kijijini wakamtania, wakamwita redio ya taifa, yeye anatabasamu kama mtu mwenye jino bovu. Kila gari likipita na muziki anashtuka, anatazama juu kule kwenye nyumba ya Marash. Alikonda. Alimwendea padri, padri akampa sala. Alinituma mimi, nikamvizia Prenda kwenye bomba la maji, nikamweleza yote: waya, kirushio, kitufe, jinsi muziki ulivyobaki ukilia kwa bahati mbaya. Alinisikiliza mpaka ndoo ikajaa.

"Habari ya muziki nimeisikia, Dava," akasema, akajitwisha ndoo, akaenda.

Nilirudi nimenuna. Nikamwambia Bardhok, achana nao, umeshaomba vya kutosha, muungwana akiombwa radhi hunyoosha mkono. Nilimkasirikia Marash majira yote ya baridi, nasema kweli. Niliona anajivunia msiba wake.

Mwaka ukatimia. Siku ya misa ya mwaka ya Viktor ilinyesha mvua ya kuvunja mawe. Bardhok alikuwa akilizunguka gari tangu kulipopambazuka: twende, tusiende, wakitufukuza je, tusipokwenda je. Nikapanda, nikafunga mlango, nikamwambia, "Endesha, au nakwenda kwa miguu na utajieleza kwa mama ukifika ahera." Akaendesha.

Chini kidogo ya lango lao tukawakuta barabarani, Marash na Prenda, weusi tupu, wamelowa, wanatembea. Gari la kuwachukua halikufika. Bardhok akasimama. Akateremsha kioo, mdomo wazi, mvua inaingia. Marash alitazama mbele kama hatuoni. Prenda ndiye aliyesema, "Mguu wangu, Marash." Wakapanda, Marash mbele, Prenda nyuma nami.

Tukaenda hivyo. Kisha nikamwona Marash anatazama pale kwenye dashibodi, kwenye lile shimo lenye nyaya zinazoning'inia.

"Redio iko wapi?"

"Nimeing'oa."

"Lini?"

"Kesho yake."

Marash akamtazama sasa usoni, akaziona zile ndevu. "Kwa nini?"

"Kwa nini! Kwa sababu ya muziki, Marash! Langoni pako! Nilizungusha kitufe, nikadhani..."

"Najua ya kitufe. Prenda aliniambia. Muziki nilishausamehe siku ile ile aliponiambia, mashine ni mashine." Akaipangusa mvua usoni. "Lakini ulinipungia leso, Bardhok. Mimi nimesimama na glasi ya harusi yako, mwanangu yuko chini ya udongo, na wewe umetoa mkono dirishani unanichezea leso."

Gari likazima katikati ya barabara. Sijui Bardhok aliachia nini, klachi au roho.

"Nilikuwa nawaambia wazime," akasema. "Wale wa nyuma. Sikuwa na kitu kingine mkononi. Nilikuwa nawaambia wazime!"

Miezi minane. Mimi niliyekuwa nyuma yake nikiiona leso ile kwa macho yangu, sikuwahi kufikiria inaonekanaje kutoka langoni. Tulieleza waya, tulieleza kitufe, tuliwaeleza watu wote habari za kirushio. Leso hakuna aliyeitaja.

Marash alifunika uso kwa mikono yake yote miwili. Bardhok analia waziwazi, pua na machozi, na vipangusa vioo vinakwenda na kurudi. Ndipo Prenda akasema pembeni yangu, kwa sauti ya kuchoka ya mama mwenye wanaume ndani ya nyumba:

"Wazee wawili wazima. Viktor angewacheka nyinyi mpaka aanguke."

Akajisikia alichosema: aanguke. Mkono ukamrukia mdomoni. Hakuna aliyethubutu kugeuka, na mimi nilitamani gari lipasuke nitoke. Nikamshika goti. Lilikuwa linatetemeka, nikadhani ni kilio, kumbe ilikuwa kicheko, kinamtoka kati ya vidole atake asitake, machozi yanamiminika pamoja nacho. "Angewacheka," akarudia. "Angewacheka, haki ya Mungu, huyo mtoto." Marash akasema jina lake, "Prenda," mara moja tu, akamnyooshea mkono nyuma, naye akaushika.

Bardhok akajaribu ufunguo, gari likakataa, akajaribu tena likawaka. Tulifika kanisani misa imeshaanza, tukakaa benchi moja sote wanne, tumelowa.